Swichi Nzima, Fundi Mbovu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya ofisi nzima. Nguo ninazo bado mwilini, hata tai ninayo, lakini hakuna kilichobaki cha kuficha.

Nasimulia mwenyewe kabla Baraka hajasimulia. Baraka ni dereva wetu. Akisimulia yeye, habari itafika Bangwe, kule pembezoni mwa mji, imeota mikia, na ukweli wenyewe ulivyo unatosha kabisa.

Mimi kazi yangu ni masjala. Natunza mafaili. Lakini zamani, kabla sijaajiriwa, nilikaa miezi minne kwa fundi redio mmoja pale mtaa wa Mwanga, nikijifunza. Miezi minne hiyo nimeitumia kwa miaka kumi na moja. Redio ya mtu ikikwaruza, naitwa. Pasi isiposhika moto, naitwa. (Mara nyingi naigeuzageuza, nasema "hii imekufa, nunua nyingine", na watu wananishukuru.) Nina mita yangu ya kupimia umeme, ya njano, inakaa kwenye droo ya mafaili ya siri. Ofisini wananiita Injinia. Sijawahi kumkataza mtu.

Sasa, ofisi yetu ina maikrowevu. Aliiacha bosi mmoja alipohamishwa, nasi tukaiweka jikoni, chumba kidogo nyuma ya masjala. Ufunguo wa jiko anao Mama Sauda, mhudumu wetu. Ni mtu mzima, mtu wa Ujiji, na ufunguo ule anaufunga kwenye pindo la kanga. Miaka kumi na tisa sasa. Mabosi wamekuja na kuondoka, ufunguo haujatoka kwenye pindo lile. Asubuhi anafika wa kwanza, anabandika chai, anafagia uwanja wa mbele, halafu anatuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja na kusubiri majibu.

Juu ya maikrowevu kuna tangazo: NI MARUFUKU KUPASHA DAGAA AU SAMAKI WA AINA YOYOTE HUMU. UUNGWANA NI VITENDO. Herufi kubwa, na limefunikwa plastiki lisilowe. Niliandika mimi. Bosi wetu wa sasa, Madam, ametokea Njombe, na siku moja alisema harufu ya dagaa inamfuata hadi kwenye saini. Hakuniomba chochote. Nikaandika siku hiyohiyo, nikampelekea aone.

(Mzaliwa wa Kasingirima, kando ya ziwa, kaandika tangazo la kuwapiga marufuku dagaa. Babu zangu wanisamehe huko waliko.)

Na mnajua dagaa kwangu ni kitu gani. Mke wangu, Mama Tumaini, anawakaanga kwa mawese na pilipili, na kabla ya kuwakaanga anawatoa vichwa. Kimoja kimoja. Beseni zima. Tulipomuaga bosi aliyepita aliwaleta sinia mbili, ofisi nzima ikala, ikauliza mbona hawana vichwa. Nikasimama nikajibu kwa sauti: "Mjini hapa ni nyumba moja tu yenye subira hiyo." Watu walipiga makofi. Kumbukeni makofi hayo, yatanirudia.

Jumatano maikrowevu ikagoma. Unafunga mlango, taa ya ndani haizimi. Unabonyeza iwake, kimya. Yenyewe inaamini mlango uko wazi. Madam akatoka na bakuli lake la wali mkononi, akauliza kulikoni.

Nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. "Swichi ya mlango hiyo, Madam. Imekufa. Mlango unabamizwa sana."

"Nani anabamiza?"

Hapo sikutaja mtu. Nataka hilo lieleweke. Nilitazama tu upande wa karo, ambako Mama Sauda alikuwa anaosha vikombe.

Mama Sauda akageuka, mikono ina povu. "Mimi? Mimi ndiye nabamiza mlango?"

"Sijasema wewe, Mama Sauda."

"Umenitazama."

Madam ni mtu wa taratibu. Akasema kesho yake, yaani leo, saa nne, niifungue mbele ya watu wote. Nikishathibitisha kwamba swichi imekufa kwa kubamizwa, Mama Sauda atahamishiwa stoo yetu ya Bangwe, akatunze mafaili chakavu na popo wake, na ufunguo wa jiko utakaa kwangu. Na kama si hivyo, basi yameisha.

Niliutaka ule ufunguo? Niliutaka. Mwenye ufunguo wa jiko ndiye anayejua jiko lina nani na saa ngapi. (Nilikuwa na sababu nyingine pia. Tutaifikia.)

Basi leo asubuhi nimefika mapema, nimevaa tai. Mama Sauda yuko jikoni.

"Shikamoo, Mama Sauda."

"Marahaba, baba. Mama Tumaini hajambo?"

"Hajambo."

"Na Tumaini kile kikohozi?"

"Kimepungua."

"Alhamdulillahi."

Akanimiminia chai. Sukari kama ninavyopenda, tangawizi kama ninavyopenda. Nikainywa, ilikuwa nzuri, na uzuri wake uliniudhi. Kisha akafungua pindo la kanga taratibu, akautoa ufunguo, akauweka mezani mbele yangu. "Uwe hapo," alisema. "Mtu asije akasema nimeuficha." Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Nikajiambia ni moshi. Jiko letu ni la umeme.

Saa nne ofisi nzima ikajaa pale. Tisa wote ukiniondoa mimi, na mwananchi mmoja aliyekuja kufuatilia barua yake akabanwa ndani ya umati, akaamua kubaki. Baraka alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mbele kabisa, kama aliyelipa kiingilio.

Sasa nisikilizeni, maana katika hili sikukosea. Maikrowevu inaua. Kuikarabati si kama redio. Kwanza nilichomoa plagi ukutani. Nikauzungusha ule waya, nikaiweka plagi juu ya meza pale inapoonekana na kila mtu, nikatangaza: "Plagi hii asiiguse mtu." Nikavua saa. Nikavua pete ya ndoa. Nikakausha mikono. Nikasimama juu ya ubao mkavu.

"Kwani umeme si umechomoa?" akauliza Baraka.

"Humu ndani kuna kapasita," nikasema. "Inatunza umeme hata baada ya kuchomoa, kama mtu anayetunza kinyongo. Ukiigusa bila kuimaliza nguvu, tunakuzika leo."

Umati ukarudi nyuma hatua mbili. Mwananchi wa barua hatua tatu.

Nikafungua skrubu za gamba, nikalitoa. Nikachukua waya wangu wenye rezista ya kupunguza umeme katikati na mipini ya plastiki, ule aliouunda mwalimu wangu wa Mwanga kwa kazi hiyo tu, nikaushikisha kwenye miguu ya kapasita, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Nikahesabu hadi sitini. Nikapima kwa mita, sifuri. Nikapima tena, sifuri. Nasema bila aibu (hapo aibu ilikuwa haijaanza): nilikuwa napendeza.

"Mlango wenyewe mbona hauingii vizuri?" Baraka akasema. "Kuna upenyo hapa, ukucha unapita."

"Ni matokeo ya kubamizwa."

"Na si uunganishe tu nyaya, kaka, uiruke hiyo swichi? Fundi mmoja wa kule kwetu ndivyo anavyofanya."

"Huyo fundi yuko hai?" nikauliza. Nikaeleza kwamba swichi za mlango ndizo zinazoizuia isiwake mlango ukiwa wazi. Ukiziruka, itawaka wazi, itakupika wewe badala ya wali. Swichi mbovu haikwepwi. Inabadilishwa kwa nyingine ya aina ileile, maandishi yaleyale, miguu ileile. Nikaitoa mfukoni ile mpya, niliyoitafuta jana jioni Mwanga nzima. Nikaionesha kwa watu. Madam akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Mwananchi wa barua akanusa. "Samahani. Hapa pananukia dagaa."

"Ni swichi iliyoungua," nikasema. "Plastiki ikiungua ndivyo inavyonuka."

"Aa," akasema. Alikuwa mtu mpole.

Nikaichomoa swichi ya chini kutoka kwenye kikalio chake. Kidude kidogo, sawa na ncha ya kidole gumba, kina kitufe. Mlango ukifungwa, kulabu ya mlango inaingia tunduni, inabonyeza kitufe, umeme unapita. Kwa hiyo kuipima ni rahisi, hata mtoto ataelewa. Unaweka ncha za mita kwenye miguu ya swichi. Unabonyeza kitufe. Mita ikilia, swichi ni nzima. Unaachia. Ikinyamaza, swichi ni nzima. Ikikataa kulia ukibonyeza, hapo ndipo imekufa.

Nikaweka ncha. Nikabonyeza.

Piiiii.

Nikaachia. Kimya.

Nikabonyeza tena, taratibu, kama anayebembeleza. Piiiii.

Ilikuwa nzima! Nzima kama siku ilipotoka kiwandani!

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema tu: "Jamani, swichi haina kosa, tutafute kwingine." Maneno sita. Mama Sauda angefunga ufunguo wake kwenye pindo, tungeendelea na chai. Mbele yangu walikuwepo watu kumi, nyuma yangu neno langu la Jumatano, na katikati nimesimama na tai. Nikamwona Mama Sauda amesimama mlangoni, amejifunga kanga vizuri, ananiangalia mikono. Niliona aibu kweli. Nikaiona, nikaipita.

"Imekufa," nikasema.

Baraka akainua mkono, kama yuko shuleni. "Ikilia hivyo ndiyo imekufa?"

"Ndiyo."

"Na ikinyamaza?"

"Imekufa zaidi."

Madam akaandika kitu kwenye daftari. Mama Sauda aliutazama ufunguo pale mezani, mara moja, kisha akatazama dirishani. Nikaharakisha. Nikachomeka swichi mpya kwenye kikalio, nikairudishia nyaya kama zilivyokuwa (nilizipiga picha kwanza, katika hili pia sikukosea), nikarudisha gamba, nikafunga skrubu zote, hakuna iliyobaki. Nikaweka kikombe cha maji ndani, maana maikrowevu haijaribiwi tupu. Nikachomeka plagi.

"Mabibi na mabwana," nikasema. (Nilisema hivyo. Nipo hapa kusema kweli.) Nikafunga mlango.

Taa ya ndani haikuzima.

Nikabonyeza iwake. Kimya.

Nikafungua, nikafunga kwa nguvu kidogo. Taa inaniangalia. Nikafungua, nikafunga kwa nguvu zaidi, paa!

"Injinia," akasema Madam, "unabamiza."

Nikachomoa plagi. Nikavua tena saa niliyokwisha kuivaa. Nikafungua gamba upya, nikaimaliza kapasita upya, sitini upya, na safari hii jasho linadondoka hadi nikaogopa litanimaliza lenyewe. Nikaitoa swichi mpya. Nikaipima, nikiwa nimegeuza mgongo ili wasione.

Kuona hawakuona. Lakini walisikia. Piiiii.

Ni Mama Sauda aliyesema. Tangu tuanze kufungua skrubu alikuwa hajafungua mdomo. Akauliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Baba, na hiyo mpya nayo imekufa?"

Nikazidi kuiinamia swichi.

"Maana imelia vilevile kama ya zamani."

"Ni kweli, imelia!" akasema mwananchi wa barua, ambaye nilikuwa nimeanza kumchukia.

"Kwa hiyo," Madam akasema, akifungua ukurasa ule wa daftari, "ama zote mbili zimekufa, ama zote mbili ni nzima. Lipi, Injinia?"

Jamani, kuna swali ambalo ukilijibu umekwisha na usipolijibu umekwisha. Nikasema, "Huenda mita imeishiwa betri." Mita ikalia yenyewe hapo hapo, maana ncha zilikuwa bado kwenye swichi na kidole changu kilibonyeza bila kukusudia.

Mama Sauda akasogea mbele. Hakunisukuma, nilimpisha mwenyewe. "Hiyo plagi umeitoa?" akauliza. Nikasema nimeitoa. "Na yule mwenye kinyongo umemmaliza?" Nimemmaliza. "Haya. Mimi ndani siingii. Nataka hapa mbele tu, pale ninapopafuta kila siku." Akainama, akafungua mlango, akatazama kwenye fremu, pale penye matundu mawili ambamo kulabu za mlango huingia. Akaangalia tundu la juu. Akaangalia la chini. Akaangalia la chini tena. Kisha akachomoa pini kwenye ushungi wake, ile yenye kichwa cha lulu bandia, akaichomeka tunduni, akaizungusha kidogo, akavuta.

Akatoka dagaa.

Mmoja. Mwekundu wa mawese. Amebanwa na kulabu hadi amekuwa bapa, lakini ni dagaa kamili, ana mkia, ana ubavu, ana kila kitu isipokuwa kichwa.

"Yebaba we!" akasema Baraka.

Mama Sauda akamweka juu ya kisosi, katikati, kwa adabu. Kisosi kikapitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Kila mtu alikitazama, akanitazama, akakipitisha. Nilikuwa nayaona yale makofi ya sherehe ya kuaga yakirudi, moja moja, kimya kimya.

Mtu wa mwisho kupokea kisosi alikuwa mwananchi wa barua. "Huyu mbona hana kichwa?" akauliza.

"Mjini hapa," akasema Baraka polepole, akiangalia dari, "ni nyumba moja tu yenye subira hiyo."

Madam akafunga daftari. "Injinia."

"Naam, Madam."

"Jumanne nilifika mapema. Nikasikia kitu kimebamizwa jikoni, paa! Nikaja, sikukuta mtu. Mama Sauda nilimpita nje anafagia. Nani alikuwa jikoni?"

Haya. Ile sababu nyingine, tumeifikia.

Kila siku, Mama Sauda akitoka kufagia uwanja, mimi napasha dagaa. Tangu mwezi ule nilipobandika tangazo. Nafungua dirisha, naweka nusu dakika, natoka nao chini ya faili la maombi ya likizo, nakula masjala mlango ukiwa umefungwa. Jumanne nikasikia viatu vya Madam kwenye korido. Nikavuta bakuli haraka, mafuta yakamwagika mlangoni, nikasukuma mlango kwa kiwiko, nikakimbia. Mmoja lazima alinasa kwenye kulabu. Kulabu ikampeleka tunduni, akakaa mlemle, akaizuia isifike kwenye kitufe. Sikuwahesabu. Nani anahesabu dagaa?

Nikayasema hayo yote. Sikuyapanga vizuri kama nilivyoyapanga hapa. Nilipofika kwenye faili la maombi ya likizo, mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana likizo yangu ina mafuta."

"Kwa hiyo aliyebamiza ni nani?" akauliza Madam.

"Mimi, Madam."

"Na swichi ya zamani?"

"Nzima."

"Na ulijua ni nzima ulipopima?"

Hili ndilo lililonikata maini. Nilitamani anipe nafasi ya kutojua. Mama Sauda alikuwa amesimama hapo, pini mkononi, ananisubiri kama anavyotusubiri asubuhi tujibu habari za nyumbani.

"Nilijua," nikasema.

Huko nje pikipiki ikapita, ikaisha. Madam akasema, bila kupandisha sauti, kwamba stoo ya Bangwe bado inahitaji mtu. Wote wakanigeukia. Nikawaona wale popo, mmoja mmoja, wakinikaribisha.

"Madam," akasema Mama Sauda, "msimpeleke Bangwe. Kule kuna milango mingi."

Hapo ndipo ofisi ilipopasuka. Walicheka hadi Baraka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Mwananchi wa barua alijifuta machozi kwa barua. Madam mwenyewe, mtu wa Njombe, mtu wa taratibu, aligeukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilisimama juu ya ubao wangu mkavu. Umeme haukunigusa, hilo naweza kujivunia.

Walipotulia, Mama Sauda akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini chumba ni kidogo: "Leo umekuja nao?"

Nikafikiria kukana. Sikuwa na nguvu tena. "Nimekuja nao."

"Wako wapi?"

"Kwenye droo ya mafaili ya siri."

Baraka akatumwa. Akarudi na bakuli amelishika kwa mikono miwili, juu, kama anayebeba maiti ya kiongozi. Mimi nikarudisha swichi ya zamani mahali pake, nikarudisha gamba, skrubu zote, plagi ukutani. Mama Sauda akafuta lile tundu, akaweka bakuli ndani. Kisha akaufunga mlango kwa vidole viwili. Tak. Taa ikazima.

"Umeona, baba? Hivyo."

"Nimeona."

"Sasa wewe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mbele ya watu kumi, mtu mzima, mwenye mke na mtoto na mita, nimefungua mlango wa maikrowevu na kuufunga kwa vidole viwili. Ya kwanza akasema taratibu kidogo. Ya pili akasema sogeza kiwiko, kiwiko chako kina historia. Ya tatu akasema haya, inatosha, utazoea.

Dagaa wakapashwa chini ya tangazo langu. Harufu ikajaa. Tukangoja Madam aseme kitu. Akachukua mmoja, akamla akiwa amesimama. Akachukua wa pili. Akaniuliza, "Hivi, vichwa hivi mkeo anavitoa mwenyewe? Vyote?" Nikasema vyote. Akaagiza aletewe sahani.

Nikautwaa ufunguo mezani, nikampelekea Mama Sauda kwa mikono miwili. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yakanipotea. Nikasema tu, "Nisamehe, mama. Nilikukosea."

Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. "Nimekusamehe," akasema. "Ila usinitazame tena."

Kisha akanimiminia chai.

Ndiyo hivyo. Tangazo linabaki, kwa amri ya Madam, lakini chini yake nimetakiwa kuongeza kwa mkono wangu: ISIPOKUWA WASIO NA VICHWA. Swichi mpya iko mfukoni. Nikiibonyeza, ni nzima. Mimi bado napimwa.

Mkikutana nami mjini, nisalimieni kama kawaida, mcheke nikishapita. Na Mama Tumaini akiwauliza habari za leo, mwambieni tu kwamba dagaa wake wamesifiwa na ofisi nzima. Hilo halihitaji mita.